Daftari la Mgawo

Ukumbi wa shule una madirisha kumi na moja
na vioo vitatu. Upepo wa Kunene hauna haja ya hodi;
unafunua kurasa zangu kabla sijazifikia.
Mimi Uazuva, mtunza hazina, mwaka wa nne sasa,
nimevaa viatu vinavyobana
kwa kuwa leo hesabu inasomwa mbele ya watu.

Nasoma: kambi ya watalii kule mtoni,
kodi ya ardhi, na sehemu yetu ya kila kitanda kilicholaliwa.
Nasoma: mishahara ya waongozaji sita,
wanne wao mabinti waliojua nyayo kabla ya herufi.
Nasoma: utomvu wa omumbiri, madebe arobaini,
uliookotwa miambani alfajiri, jua likiwa bado halijaulainisha,
ukaenda kwa watengeneza manukato ng'ambo.

"Chupa moja huko ni bei gani?" anauliza Kapezi,
kucha zake zingali na gundi.
Namtajia.
Ukumbi unacheka, kisha unaacha kucheka.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ndiyo.
Lakini mwenyeji yupi, na apone kiasi gani?

Baba yangu alifungwa miezi kumi na minne
kwa choroa mmoja, mwaka wa ukame ule
ng'ombe walipokufa wamesimama.
Wakati ule nyama ilikuwa ya serikali,
njaa ilikuwa yetu.
Alirudi kimya, hakutaka tena kutazama mlimani.
Leo mimi, bintiye, natia sahihi:
choroa tisa, kwa kibali, kilo nne kila kaya.
Wino umetoka vizuri. Mkono ndio ulioganda.

Tjiuoro anasimama. Hana karatasi.
Ana kamba mbili za punda, na vitanzi vyake,
na kitanzi kimoja bado kina manyoya.
"Simba wenu," anasema.
Hakusema simba wetu, na kila mtu amesikia.
Mwenyekiti anataja fidia. Tjiuoro anataja maji:
kisima kiko kilomita saba, tangi la karibu lilivunjwa na tembo,
na fidia haibebi madumu.

Kisha mlangoni, sauti ambayo haikuwa kwenye ajenda.
Mungeriwa, mchungaji wa mbuzi za watu,
analala penye mbuzi, anahama wakihama.
"Jina langu liko wapi?"
Natafuta. Nageuza. Natafuta tena.
Daftari linauliza kaya; yeye hana kaya.
Linauliza boma; ana fimbo na sufuria.

Mwenyekiti anasema kanuni ni kanuni.
Anayejibu ni Vezepaune, askari wa wanyama, kijana wa maneno machache:
"Faru yule jike, aliyezaa mwezi wa tano,
mnadhani ni nani huniambia amelala wapi?
Miaka mitatu majangili hawajamfikia.
Watalii hulipa kumwona.
Macho yanayomlinda hayapo kwenye orodha."

Kimya. Upepo tena, na kurasa.
Waliosema mali bila daftari hupotea bila habari
hawakutuambia kwamba hata mtu hupotea,
tena ndani ya daftari lenyewe.

Tunapiga kura kwa mikono. Nahesabu mara mbili,
maana safu ya nyuma wengine wanajikuna vichwa.
Inatosha, kwa mikono mitano.
Naandika: Mungeriwa. Penye boma nachora mstari.
Kilo nne. Ananisahihisha: "Andika na sufuria."
Sasa wanacheka kweli.

Tjiuoro hakuinua mkono, wala hakupinga.
Watu wakitoka kufuata harufu ya nyama
anapita mezani kwangu, anaziweka kamba zake
juu ya ukurasa uliokuwa wazi, anaondoka.

Jua limefika kwenye dirisha la nne.
Nimekaa na kalamu, viatu nimevivua,
mapato kushoto, matumizi kulia,
na kamba mbili
nisizojua pa kuziandika.