Uzi Mwekundu

Kila Mei gunia lililetwa mlango wa nyuma,
halina jina, halina risiti,
na ndani majoho kumi na tano meusi
yanayonuka nta, sigara na jasho la wavulana.
Bibi Philomène hakuuliza.
Aliyapokea kama alivyopokea mashuka ya hospitali,
akayalowesha, akayafikicha, akayaanika
ndani, karibu na jiko, majirani wasiyaone.

Chuo kilikuwa kilimani. Sisi bondeni,
nyuma ya kiwanda cha sufu, pale theluji inapoanguka
tayari ina masizi.
Huko juu walikuwa na nyumba isiyo na dirisha hata moja;
mjini wakisema wamo wanaolala jenezani
na kunywea divai fuvuni.
Bibi akicheka: "Fuvu sijui.
Najua wa nne hujikojolea.
Najua wa tisa hulia,
na kamasi hufutia mkono wa joho, wa kushoto."

Asije akayachanganya, alitia alama
chini ya ukosi, jicho lisipofika:
pito moja la uzi mwekundu, mapito mawili,
hadi kumi na tano.
Kuhesabu alijua. Kusoma, hapana.
Mwaka mmoja akakuta mfukoni karatasi
iliyokunjwa mara nne, mistari imejipanga kama sala.
Akaijaribia pasi.
Ilipogeuka kahawia akajua moto umezidi,
akaitupa jikoni, akangoja pasi ipoe.

Mimi nilipanda kilima kwa karo ya msaada,
na mwaka wangu wa nne ndio walioanza kuchukua wasichana.
Walikuja saa sita za usiku.
Wakapiga hodi mara tatu, wasingoje karibu,
wakanifunga kitambaa machoni, wakanivika joho.
Zito. La baridi. Bado lina wanga.

Thaddeus Wolcott, aniombaye daftari langu kila Ijumaa,
alikuwa ameazima sauti ya babu yake:
"Mgeni, unajua lolote juu ya nyumba hii?"
Kidole gumba kilikwisha kufika chini ya ukosi.
Nikahesabu gizani, polepole,
kama apapasaye tasbihi:
sita, saba, nane.
Tisa.

"Sijui kitu," nikasema.
Wakanyamaza. Mtu akakohoa.
Nikanyanyua mkono wa kushoto
nikafuta pua,
pale pale.