Senti Tatu

Mama huniuliza, sindano ya insulini mkononi,
"Leo neno limeamkia bei gani?"
Nami hujibu kama muuza nyanya jua likizama:
inategemea nani amebaki sokoni.

Hapa Maracaibo umeme una maringo,
hauji kwa miadi, hauagi ukiondoka.
Ukirudi nakimbilia mezani na jasho langu,
mimi Nereida Urdaneta, mwalimu wa kemia miaka kumi na tisa,
ambaye mshahara wake wa mwezi
ulinunua trei moja ya mayai,
na mayai yenyewe madogo.

Nina daftari, masalia ya darasa la nne B.
Kurasa za nyuma zilikuwa tupu.
Humo nimepiga mistari, nimepima nyumba tatu
zinazolipa maneno kwa sarafu isiyoshikika.

Nyumba ya kwanza hulipa kwa kura,
na kura za watu hazilingani uzito.
Wapo waitwao nyangumi, wamelalia sarafu milioni;
mmoja wao akipiga chafya juu ya andiko lako
umekula wiki nzima.
Niliandika juu ya baba, fundi wa viyoyozi,
aliyekufa juu ya paa la benki, bisibisi mkononi.
Siku tisa za kuandika: senti tatu.
Nikaandika namna ya kukaanga arepa bila jibini:
dola kumi na mbili.
Nikafunga daftari, nikaenda kufua.

Ya pili huhesabu dakika ambazo macho yamekaa.
Nikajifunza kurefusha.
Sentensi zangu zikawa foleni ya petroli,
msomaji anasogea hatua, anasimama, anasogea,
na mbele hakuna kitu.
Nililipwa vizuri.
Nilijichukia kidogo.

Ya tatu hulipa papo hapo, haina mambo ya kungoja siku saba,
vijisenti vinadondoka kama bomba bovu usiku.
Lakini Jumanne moja sarafu yake
ilitoka kileleni ikaangukia kisimani
nami nimelala.
Asubuhi Eudomar, anayenibadilishia kwa noti
nyuma ya duka lake la betri,
alinishika bega kama aliyekuja matangani.
"Haba na haba," nikamwambia.
"Ndiyo," akasema, "lakini kibaba kimetoboka."

Hesabu ni hesabu: nyumba ya pili imeshinda.
Mwalimu wa kemia habishani na mizani.
Nikabaki ya kwanza.

Sababu ni kura moja, ya senti moja,
kutoka Incheon, kila nilichoandika,
saa tisa na dakika kumi za usiku wangu,
alasiri ya kwake.
Hajawahi kuacha hata neno.
Basi nikamtungia maisha: karani wa bandarini,
miwani, kikombe cha chai kinachopoa,
kamusi ya Kihispania iliyochakaa mgongo.
Nikianza kuandika vibaya, namwonea haya.

Agosti nikamjaribu.
Nilituma ukurasa mtupu, nukta moja katikati.
Saa tisa na dakika kumi simu ikaangaza kitanda:
senti moja.

Kumbe mashine.
Imetegwa kama kengele ya saa,
na mwenyewe huenda kashasahau, huenda kashazikwa.

Nilipomweleza mama alicheka mpaka akaomba maji.
"Angalau ina adabu, haijakosa hata siku."
Kisha akanywa, akatua glasi.
"Lakini mashine haijitegi, Nereida.
Kuna siku mtu alisoma kitu chako
akasema, huyu asikose."

Nikalifungua daftari kwa mwanga wa mshumaa,
nikarudi nyuma, nikarudi nyuma,
kidole kikifuata safu ya Incheon
hadi pale ilipoanzia.
Machi, tarehe kumi na nne.
Fundi wa viyoyozi.
Senti tatu.
Mbili sijui zilitoka wapi.