Silabi Moja

Nililipwa kwa ukurasa.
Ukumbi ulikuwa Kapripointi, ghorofa ya pili,
kiyoyozi kinadondosha maji kwenye ndoo ya rangi
na wajumbe wa nchi tatu wanagombania kitenzi.

Mkataba wa zamani ulisema
nchi wanachama *zinaweza* kukabidhiana ushahidi.
Basi zikaweza.
Ziliweza Jumatatu, ziliweza sikukuu,
ziliweza kama mtu anavyoweza kuacha sigara.

Nyanjige wa Kirumba anauza dagaa kwa sado.
Mwanawe Masatu aliondoka na injini ya farasi kumi na tano;
mtumbwi ulipatikana, yeye hapana.
Injini ilikuja kuonekana, namba zimekwanguliwa nusu,
imefungwa mnyororo kwenye kituo cha polisi ng'ambo:
safari ya saa saba kwa maji,
miaka minne kwa barua.
Faili liko huku, mshukiwa yuko kule,
na shahidi anaishi kisiwa ambacho kila nchi hukidai
siku ya ushuru
na kukikana siku ya mazishi.

Siku ya tatu, saa sita kasoro,
wakili Kyomuhendo alivua miwani akasema:
tufute *zinaweza*. Tuandike *zitakabidhiana*.

*Ta.*
Nyepesi kuliko mwiba wa dagaa.
Mmoja akauliza nani atalipia mafuta ya boti.
Mwingine akauliza mamlaka ya nchi yake yatakaa wapi,
kama vile ni mgeni aliyekosa kiti.

Kifungu cha kumi na moja sikukipenda.
Askari wa upande wowote
*atamfuata* mshukiwa hata akivuka mpaka.
*Ta* ileile, sasa imevaa buti.
Nikawaza vijana wa mwaloni wasio na vitambulisho,
nani atawauliza majina kabla ya pingu.
Nikatafsiri hivyo hivyo; kuwaza hakulipwi.
Ila pembeni niliandika kwa penseli:
*kwa lugha anayoielewa*.
Sijui kama waliyaacha.

Jioni nikashuka Kirumba.
Nikamwambia Nyanjige wamebadilisha neno.
Hakuacha kupepeta mchanga.
"Lipi?"
Nikamtajia. Akalitamka polepole, kama anayeonja chumvi:
zi-ta-ka-bi-dhi-a-na.
"Lini?"

Nikaeleza habari za mabunge, za kuridhia,
za hati kuwekwa kwa katibu,
na kwamba nchi ya tatu ina uchaguzi.
Akacheka, wala si kwa ubaya.
"Hiyo *ta* yenu naijua," akasema.
"Masatu aliniachia moja mlangoni.
*Nitarudi*, mama."

Akanipimia sado, akaongeza gao la mkono, akakataa hela.
Mfuko ulinuka mpaka ukumbini asubuhi yake.
Wajumbe walifungua dirisha. Hakuna aliyeuliza.
Zilibaki kurasa kumi na nne za viambatisho.