Mchoro wa Mahali pa Kungojea

Mwenyekiti wa kamati aliniuliza kama nimekuja na reki.
Nikamwonyesha penseli.
Akatazama nyuma yangu, akimtafuta mtu mwingine,
yule msanifu wa mandhari aliyetajwa kwenye barua,
mwenye gari labda, mwenye kitambi kidogo.
"Kwa hiyo wewe ndiye wa maua?"
Ndiyo, Bwana Wabuyi, mimi ndiye wa maua,
ingawa mchoroni mwangu hamna hata moja.

Alitaka mitende kumi na miwili, imejipanga kama askari wa gwaride,
na ukoka wa kijani usiokanyagwa,
na kibao cha kuamuru usikanyagwe.
Aliona hivyo hotelini, Entebbe.

Siku tatu nilikaa juu ya dumu la njano
katika uwanja wa hospitali, Mbale,
Wanale umesimama mbele yangu
kama ukuta uliokosa plasta,
nyuzi mbili za maporomoko zikining'inia.
Sikuchora. Nilihesabu.

Saa mbili asubuhi: wanawake arobaini na mmoja,
migongo kwenye ukuta wa maabara,
kwani hapo ndipo jua huchelewa kufika.
Saa tano wamehama wote, bila kuambiwa,
hadi chini ya paa la wodi ya wazazi,
kwenye kivuli chenye upana wa kanga iliyokunjwa.
Saa saba hakuna kivuli.
Kuna kadi za chanjo juu ya vichwa vya watoto.

Nandutu, kutoka Bududa, alikuwa na usiku wa kumi na moja pale,
mama yake yumo ndani, mguu umefungwa kwenye chuma.
Alisimama nyuma yangu, akachungulia karatasi nyeupe.
"Unachora nini, na hapa hapana kitu?"
Nikamwambia, "Hicho hicho."
Alicheka, akarudi kuchochea uji.

Mjenzi wa zamani aliacha njia ya saruji,
imenyooka, ikakata kona kama mtu anayejibu mtihani.
Ina kuvu. Haina nyayo.
Miguu ilikwisha kujichorea yake,
mshazari, nyekundu, kutoka lango hadi chumba cha upasuaji,
imeng'aa kama kisigino.
Mstari huo sikuubuni.
Niliunakili tu, nikaupa upana
wa machela moja na watu wawili wanaokimbia.

Kisha mvua. Iliteremka kutoka mlimani bila kubisha hodi,
ikapita jikoni, ikabeba kandambili na sufuria,
ikaenda zake Nabuyonga.
Wahenga wanasema maji yakimwagika hayazoleki.
Wahenga hawakusomea kazi yangu.
Nimeyachorea mfereji mpana, wa kina cha goti, wenye majani ya matete,
yafike yamechoka,
yakae kidogo, kama wageni wengine wote wa hospitali,
ndipo yaruhusiwe kwenda.

Na mikuyu mitano. Si mstarini.
Mmoja hapa, kwa ajili ya saa tano,
miwili pale, kwa ajili ya saa saba,
iliyobaki kwa ajili ya jioni, wakati daktari anatoka
na mtu anahitaji mahali pa kuusikia ukweli
ambapo si ukumbini, mbele za watu.

Kamati ilikaa. Mweka hazina aliugeuza mchoro juu chini,
akauliza bei ya nafasi tupu.
Bwana Wabuyi alinyamaza sana, kidole chake kikaufuata
ule mstari wa mshazari hadi mwisho.
Sikujua kwamba aliwahi kuukimbia.
"Haya," alisema. "Lakini mitende miwili, langoni."
Nikaandika: mitende miwili.

Usiku ule, nikisafisha mchoro kwa wino,
nilirudi kwenye pembe ya wodi ya wazazi
nikaweka nukta tatu ndogo, za masizi,
ambazo hakuna mtu aliyezijadili.
Pembeni nikaandika kwa herufi nadhifu
kama tunavyoandika kwa miti mikubwa na kwa chemchemi:

mafiga, matatu. Yapo.
Yasiondolewe.