Meza ya Watu Sita

Kizimba cha dukani Veikko alikirudisha:
hatua nne, pua ukutani.
"Hata jela ina uwanja," akamwambia muuzaji.

Akapima nyumba kwa futikamba ya marehemu mkewe.
Karibu na hita: mbavu zitachemka.
Mlangoni: upepo wa theluji ya Tampere hupenya kama mdai.
Jikoni, mvuke.
Palibaki pale penye meza ya watu sita.

Meza akaiuza.

Sasa simbilisi wawili hukimbia mita mbili kamili
juu ya blanketi lililokuwa la wageni,
wakipiga mbinja kila friji ifunguliwapo.
Naye hula sakafuni, miguu kainyoosha,
tango moja, kisu kimoja,
akikata vipande vitatu sawasawa,
asije akalalamikiwa.