Umejuaje?

Daftari langu la kwanza la uangalizi
lilirudi na wino mwekundu mahali pamoja tu.
Nilikuwa nimeandika: Mtoto amefurahi.
Pembeni, kwa mwandiko wa kubana,
Madamu Nyanzobe akauliza:
Umejuaje?

Nina miaka thelathini na tisa.
Nimezaa watatu, nimelea wawili wa marehemu dada,
nimefundisha awali miaka kumi na mmoja kwa cheti,
watoto tisini na saba, mkeka mmoja,
na leo naulizwa nimejuaje.

Usiku ule, Igogo, juu kabisa,
nyumba zilipoganda kwenye mawe kama kupe,
shemeji alinikuta na vitabu akacheka:
“Digrii ya kuchezesha watoto!
Ukifika uzamili watawafunza nini, kufuta kamasi?”
Nikacheka naye.
Ada ya mwaka wa kwanza ilikuwa ng'ombe wake,
na mwenye ng'ombe ana haki ya utani.

Jumanne nikarudi Kirumba,
chekechea ile ya nyuma ya soko la samaki.
Nikakalia kiti kifupi, magoti kidevuni.
Andika unachokiona, alisema Madamu.
Unachodhani kivue mlangoni pamoja na viatu.

Saa 3:10. Masunga, miaka mitano. Kopo la vizibo vya soda.
Saa 3:14. Anavitandaza sakafuni, kwa safu.
Kati ya safu na safu anaacha upana wa kidole.
Saa 3:19. Mwalimu anauliza: “Vingapi?” Masunga hajibu.
Saa 3:20. Mwalimu anauliza tena. Hajibu.
Mwalimu anaandika kwenye fomu.

(Naijua sentensi ile. Mkono wangu unaijua.)

Saa 3:26. Anavigeuza kimoja kimoja,
chali, kifudifudi, kwa ncha za vidole viwili.
Saa 3:31. Anaacha. Anatazama dirishani.
Anavikusanya mbio mbio, anavua shati,
anavifunika, anashindilia pembe kwa viatu vyake.
Saa 3:32. Mwalimu: “Masunga, vaa shati!”
Saa 3:38. Mvua.

Ilishuka kwenye bati kama lori linalomwaga kokoto.
Huko nje kina mama walipiga yowe, wakakimbilia dagaa,
nyavu zikaburutwa, turubai zikapepea,
na ndani, chini ya shati la kijani lisilo na vifungo,
hakuna kizibo kilicholowa.

Nikavunja kanuni. Mwangalizi haongei.
Niliinama nikamwuliza:
“Umejuaje?”

Akanitazama kama mtu anayeulizwa njia ya kwao.
“Korongo wamekaa,” akasema.

Nilinakili ripoti kwa mwanga wa simu, umeme umekatika,
Limi wangu amelala, mguu wake juu ya kitabu changu.
Nilipofika penye kisanduku cha Maoni
kalamu ikataka kukimbia: Ana akili sana.
Nikaishika.
Nikaandika korongo, nikaandika shati, nikaandika dakika saba.

Kisha sikulala.
Miaka kumi na mmoja, mara tisini na saba.
Mzito. Mtundu. Hajui kuhesabu. Arudie.
Wengine sasa wana ndevu, wananipakia kwenye bodaboda zao,
wananiita mwalimu, wanakataa nauli,
na mimi nyuma yao nimeshika chuma, nimenyamaza.
Niliwaandika kwa wino usiofutika,
na hakuna hata mmoja
aliyekuwa na kalamu nyekundu.