Mkono wa Osterhout

Chumba cha nyuma, hoteli ya Wabaski, Elko,
Nevada, Januari. Theluji imefika kwenye vizingiti,
malori ya mgodini yanalala huku injini zikinguruma
maana ukizizima haziwaki tena hadi adhuhuri.
Ndani tuko sita na taa moja
na kitambaa cha kijani kilichotobolewa na sigara
za watu waliokwisha zikwa.

Nilikuja na daftari. Haya, nicheke.
Mwaka mzima nilipoteza mshahara wa Ijumaa
nikizilaumu karata, kama mpishi anayelaumu mwiko,
hadi Nerea Ibarluzea, aliyewapikia
wachunga kondoo wa milimani miaka thelathini,
aliponiambia bila kuinua macho:
"Karata hazikujui. Acha kuzinunia.
Hesabu kwanza, ndipo uwatazame watu."

Nikahesabu. Katikati pana dola mia na ishirini,
nadaiwa arobaini ili nione alichoficha:
nikishinda mara moja kwa nne, sipati wala sikosi.
Nikajifunza kulipa vyema na kushindwa,
kurudi mtupu na kulala fofofo,
jambo ambalo Dagny, mke wangu, hakulielewa
wala mimi sikumweleza sawasawa.

Kisha nikawageukia watu.
Tavish wa greda: akiwa na kitu, kimya;
akiwa hana, utasikia habari za mbwa wake.
Pruitt, daktari wa meno: karata ikimpendeza
jicho hukimbilia chipu zake, mara moja tu, kama mwizi.
Nerea: hakuna. Ukurasa mweupe.
Nimeandika tu, "hukoroga chai isiyo na sukari."

Na Lyle Osterhout, zamani fundi wa baruti:
mkono wa kulia hutetemeka akisukuma dau.
*Hofu*, niliandika, nikapiga mstari.
Usiku uleule nikamlipa dola mia mbili
akafunua ghulamu watatu na saba mbili.
"Mwongo hujikaza kama gogo," Nerea akasema.
"Anayetetemeka ni aliyepata."
Nikafuta hofu. Nikaandika *furaha*.

Furaha ile ikanilisha wiki tatu.
Mkono ukitikisika, natupa karata,
najiona nina akili za kuuza.

Halafu usiku mmoja: nina jozi mbili, ree na tisa,
mezani shupaza tatu, na Lyle
anasukuma zote alizo nazo,
chipu zikigongana kama meno kwenye baridi.
Nikatupa.
Akanionyesha, kwa hisani yake:
malkia wa uru, nne ya kopa. Hewa.

Alipoinua kahawa ndipo nikaona.
Kikombe nacho kilitikisika. Na kijiko.
Na zipu ya koti, ambayo Corliss, bintiye,
aliyekuja kumchukua maana haendeshi tena gari,
aliinama akaifunga mpaka kidevuni
kama anavyofungwa mtoto wa chekechea.

Majira mazima ya baridi nimeusoma mkono,
mwenye mkono sikumwona.

Mlangoni akageuka.
"Wewe kijana hutazama mkono wangu
kabla hujatazama karata zako. Tangu Novemba.
Daktari aliponipa habari nilijisemea,
si neno, yupo mmoja hapa Elko atakayeulipia."
Wakaangua kicheko. Nerea akacheka kuliko wote,
huku akikoroga.

Nyumbani nikaufungua ukurasa wake.
Hofu imefutwa, furaha nikaifuta,
karatasi ikatoboka.
Nikafungua mwingine, nikaandika jina langu juu,
nikakwama.

Dagny alikuwa akikunja nguo.
"Hivi mimi nikidanganya," nikamwuliza, "hufanyaje?"
Hakuinua kichwa. Akatafuta soksi ya pili, akaipata,
akaiviringisha na mwenzake.
"Huuliza maswali," akasema.
"Ijumaa hii umepoteza ngapi?"